Muwasho Nisioweza Kuusema

Jumatatu, 4 Machi
Unawasha! Nilidhani jasho, lakini leo nimejifungia kwenye choo cha kazini nikatazama vizuri. Ngozi ya uume nyekundu, vipele vidogo vidogo, na pumbu zimevimba kidogo. Mungu wangu. Mimi sina mwanamke wa nje. Sijawahi. Sasa hiki ni nini?

Nimerudi kwenye meza ya gundi natembea kama bata. Ndiyo kwanza wamenihamishia huku kubandika soli. Kule kwenye kukata ngozi za viatu nilikuwa nakaa. Huku ni kusimama kutwa. Labda suruali inabana. Labda.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua sabuni kali ya dawa. Nimesugua. Pilipili tupu! Mke wangu akagonga mlango wa bafu: Baba Mapacha, umezama humo? Nikasema tumbo.

Jumatano, 6 Machi
Duka la dawa. Nimemnong'oneza muuzaji: fangasi. Binti ana sauti kama kengele — "Fangasi za wapi?" Foleni nzima ikanigeukia.
"Za… miguu."
Kanipa krimu. Nimepaka. Si miguuni.

Alhamisi, 7 Machi
Mbaya zaidi. Kumechubuka, kunatoa majimaji. Kukaa shida, kutembea shida.

Nimemuuliza Profesa, mwenzangu wa meza ya gundi. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Nikasingizia binamu yangu. Akasema, basi mwambie binamu yako, kama si yeye aliyetoka nje, mkewe katoka. Akacheka mwenyewe.

Mke wangu alikwenda kumuuguza mama yake. Karudi majuzi tu, na muwasho ukaanza. Sitaki kuandika ninachowaza.

Nimeshakiandika.

Jumamosi, 9 Machi
Nimesema. Mdomo huu!

Mke wangu alinigusa bega nikaruka kama nimeguswa na moto. Siku zote hizi namkwepa, na yeye si mjinga. Akauliza kulikoni. Badala ya kumwonyesha, nikamuuliza: kule kwa mama ulikuwa na nani?

Aliushusha mkono. Kisha, polepole: "Nilikuwa na mama. Hawezi hata kujigeuza kitandani. Nilikuwa nambadilishia shuka, namlisha. Ulitaka niwe na nani?"

Akachukua mto wake akaenda chumba cha mapacha. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekwenda kwa daktari. Mtu mzima, mpole. Nilishusha suruali macho yakiwa darini. Hakushtuka hata kidogo. Akauliza nafanya kazi gani, tangu lini nashika gundi, nimepaka nini na nini. Kisha:

"Mikono unanawa saa ngapi?"
"Nikitoka chooni, daktari. Mimi msafi."
"Na kabla ya kuingia?"

Kabla ya kuingia? Huwa natoka kwenye gundi moja kwa moja.

Akageuza viganja vyangu. Katikati ya vidole, vipele vile vile! Sikuviona. Akili yangu yote ilikuwa chini.

Mzio, kasema. Gundi haipatani na ngozi yangu, na ngozi ya kule ni laini kama ya kope, inaumia upesi. Kwa ile sabuni na ile krimu nilikuwa namwagia moto petroli. Niache vyote. Maji ya vuguvugu tu. Nikaushe kwa kugusagusa, si kusugua. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Chupi ya pamba, isiyobana. Krimu aliyoniandikia nipake kidogo sana, siku chache tu, maana ngozi ya pale haivumilii dawa nyingi. Kazini glavu, na ikibidi nirudi kukata ngozi za viatu. Akapima damu na mkojo pia, ili moyo wangu utulie. Safi!

Nimetoka nacheka peke yangu kama kichaa. Nimefika getini, nikaukumbuka ule mto.

Jumanne, 12 Machi
Kumepoa kidogo. Wekundu upo, moto umepungua.

Mapacha walipokwenda kucheza nimemweleza mke wangu yote. Gundi, mikono, sabuni, hata ule uongo wa miguu. Nilitegemea atacheka kwenye miguu. Aliendelea kukunja nguo.

Mwisho akasema, "Kumbe gundi ndiyo iliyokuambia mimi malaya."
"Nisamehe, mama."
"Nimesikia. Sasa nijibu. Daktari angekosa jibu, leo ningekuwa naishi wapi?"

Nikasema ngoja nikapake dawa, nakuja. Dawa! Nilishapaka asubuhi.

Nimekaa bafuni, ukingoni mwa beseni la kuogea, bomba nimelifungulia lisikike. Natafuta jibu ambalo ni la kweli na ambalo anaweza kulisikia. Kila ninalolipata ni moja tu kati ya hayo mawili.

Anagonga. Haniiti Baba Mapacha. Ananiita kwa jina langu —