Mama Mdogo, Hukumroga Baba

Mpendwa Mama Mdogo Zawadi,

Shikamoo. Kwa miaka miwili tuliyoishi nyumba moja kule kwenye kambi ya wakimbizi sikukupa salamu hiyo hata siku moja. Nilikuwa nikipita mbele yako kana kwamba ninapita mbele ya nyumba isiyo na mtu. Leo nakuamkia, nikiwa mwanamke mzima mwenye mvi, na sijui kama utaitikia.

Atakayekusomea barua hii ni Mama Aline, tunayesali naye hapa Guildford, Sydney. Anakuja huko mjini Baraka kumwona mama yake mzazi. Nimemwomba asikusomee chumbani mkiwa wawili. Nimemwomba akusomee uani, kwa sauti, majirani wakiwepo. Mimi nilikushtaki mbele za watu, kwa hiyo sitaki kukuomba radhi kwa siri.

Ni mimi Riziki, binti mkubwa wa mume wako.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu? Mama yangu alikuwa amezikwa mwaka mmoja tu, na Baba akatuambia mimi na mdogo wangu Safari kwamba atakuja mtu wa kutusaidia. Ulikuja na sufuria mbili na mkeka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nawe hukunizidi hata miaka kumi. Nilikuchukia kabla hujatua mzigo. Na wewe, siku ya mtihani wangu, ulikwenda bombani kupanga foleni mara mbili, zamu yako na zamu yangu, mimba ya Neema ikiwa imeshakuwa kubwa. Ulirudi na ndoo kichwani, ukanikuta nimekaa na daftari, ukasema, “Soma tu.” Sikukushukuru.

Baba alikuwa fundi cherehani, na pale kambini hakuna aliyeshona suruali kama yeye. Halafu mishono ikaanza kwenda upande. Wateja wakalalamika. Yeye akasema ni macho, wewe ukasema ni miguu. “Mume wangu hasikii pedeli,” ulimwambia jirani, nami nikakusikia nikiwa nyuma ya ukuta. Nilidhani unamtangaza.

Alikuwa anakunywa maji mtungi mzima. Anatoka nje kila mara. Na jioni zikifika anasema miguu inamwaka, kama mtu anayetembea juu ya pilipili zilizosagwa, kisha dakika hiyo hiyo anasema imekufa ganzi, haihisi hata udongo. Nilijiuliza mguu mmoja unawezaje kuungua na kufa kwa wakati mmoja. Wewe hukuuliza. Ulichukua beseni, ukayajaribu maji kwa kiwiko chako, ukamwosha. Kila jioni. Ukamkausha kwa kitenge chako, ukampaka mawese, ukainua kila mguu na kuutazama unyayo kama mtu anayesoma.

Halafu ikaja ile jioni ya kaa la moto. Ulikuwa unasonga ugali nje. Baba akaja peku kukaa karibu na mbabula, lile jiko la makaa, akakanyaga kaa lililodondoka. Sote tulisikia harufu ya nyama kabla yake. Wewe ndiye uliyepiga kelele na kumsukuma. Yeye alibaki anakuuliza, “Nini? Kumetokea nini?” Alikuwa anatabasamu, Mama Mdogo. Alidhani unamtania.

Mtu anaungua na haumii. Nani angeniambia kwamba hayo ni maradhi? Majirani walisema amekanyaga dawa, ametegewa njiani. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Wiki ya tatu tukawaita watu wa maombi, nyumba ikajaa, na kiongozi akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nakumbuka kila neno, kwa sababu nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi.

“Huyu ndiye anayemwosha miguu kila jioni,” nilisema. “Muulizeni anaweka nini kwenye maji.”

Ulinitazama. Hukulia. Ulisema, “Chumvi kidogo. Na majani ya mpera.” Ulisema ukweli, na ukweli huo ndio uliokumaliza, maana Safari aliingia chumbani kwako, akatupa nguo zako nje, akakuta kile kitambaa chenye chumvi na majani makavu, akakiinua juu ili watu wote waone. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alikuwa amelala na homa kali, hakujua kinachoendelea.

Asubuhi yake uliondoka, Neema mgongoni, sufuria zako mbili umeziacha. Watu walikutazama. Ulipofika pale niliposimama nilidhani utanilaani, nikakaza mwili. Ulisema kwa sauti ya chini, “Riziki, ukimkausha, usisugue. Mpapase tu. Na katikati ya vidole pasibaki maji.”

Nilikupa mgongo.

Sasa nikuambie usiyoyajua. Sikumwosha. Niliogopa ule mguu, na niliogopa zaidi maneno yako, nikaona nikiyafuata nitakuwa nimekubali kwamba nimekosea. Mguu ulibadilika rangi. Wakampeleka hospitali ya mjini, nami nikaenda naye. Daktari, kijana mpole, alinifuata kwenye benchi nilipokuwa nimeshika kiatu cha Baba, akaniambia, “Mzee ana kisukari, tena cha muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumpima?” Nikasema hapana. Akaniambia kisukari huua mishipa ya fahamu ya miguu, ndiyo maana hakuhisi moto.

Nilisikia, Mama Mdogo. Nilielewa. Siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Nilijiambia kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri wanaokula keki, na Baba alikuwa anakula mahindi ya mgao. Nilijiambia daktari ni kijana. Niliporudi kambini na maiti ya Baba, watu wakaniuliza, nikasema mguu ulikatwa lakini dawa ilikuwa imeshapanda moyoni.

Siku mbili kabla hajafa aliniuliza, “Zawadi yuko wapi?” Nikamwambia umekwenda kutafuta kuni. Akasema, “Amekawia.” Alikufa akijua unarudi.

Nilibeba hayo mpaka nikasahau kwamba ninayabeba. Niliolewa, nikaachwa, jina letu likatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo, tukaletwa Australia, mimi na binti yangu Grace, na Safari akafuata. Nilipata kazi kwenye nyumba ya wazee. Ninawaogesha, ninawavisha, ninawalisha. Tena ninaosha miguu ya watu nisiowajua, mimi niliyeshindwa kuosha mmoja.

Miaka sita iliyopita nilipimwa damu nikaambiwa nina kisukari. Nilimeza vidonge na kuendelea na kazi. Kisha vidole vya miguu vikaanza kuchomwa sindano, moja moja, halafu mia. Shuka ikinigusa nasikia kama ninaburutwa kwenye changarawe. Halafu ninasimama jikoni na sijui kama nimevaa ndala au la, mpaka nitazame chini. Nilimwambia daktari wangu maneno ya Baba bila kukusudia: inawaka, na imekufa.

Akanipeleka kwa mtaalamu wa miguu. Grace alikuja nami. Yule mama alichukua uzi mgumu wa nailoni, akaniambia nifumbe macho, na kila nikiguswa niseme “yes.” Nikafumba. Nikasubiri. Nikawaza, mbona haanzi? Nilisema “yes” mara mbili, kwenye kisigino, kisha kimya. Mwishowe nikamuuliza Grace kwa Kiswahili anasubiri nini.

“Mum, she's finished,” Grace akasema. “Ameshagusa kote.”

Nilifumbua macho nikamwona mtoto wangu ameziba mdomo kwa mkono.

Yule mama alikaa akanifundisha. Nitazame nyayo kila siku kwa kioo. Nisitembee peku, hata ndani. Maji niyapime kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Nikikausha nisisugue, nipapase, na katikati ya vidole pasibaki unyevu. Akainua macho akaona ninalia, akaniletea maji akidhani ni woga. Grace aliniuliza kwenye gari, “Why are you crying? It's just feet.” Yaani ninalia nini, ni miguu tu. Ungekuwepo ungejua.

Na pamoja na mafundisho yote hayo, mwaka jana nilifanya kazi zamu nzima, saa nane, na kifuniko kidogo cha chupa ya dawa ndani ya kiatu. Kilidondoka humo asubuhi nikivaa. Nilitembea nacho, nikainua wazee nacho, nikapanda treni nacho. Nyumbani Grace akaona alama nyekundu sakafuni, akaniuliza nimemwaga nini. Kidonda kilichukua miezi minne. Kila mara muuguzi alipofungua bandeji niliutazama uso wake, si mguu. Mguu upo bado, lakini kidole kimoja hakipo. Kazini wamenipa saa chache, za kukaa, na sijui zitadumu hadi lini. Dawa ya mishipa inapunguza moto, haiuzimi. Siku nyingine nacheka na watu kanisani huku nikisikia kama viatu vyangu vina siafu.

Kwenye miezi ile minne ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza. Safari anakaa mtaa wa St Marys, hapa hapa Sydney, anafanya kazi ghalani, kupakia mizigo. Alikuja Jumapili baada ya ibada kunijulia hali. Nikamwambia yote, pamoja na maneno ya yule daktari kijana.

“Yaya,” akasema, maana mpaka leo ananiita hivyo, dada mkubwa, “umeanza kuongea kama wazungu. Baba alikanyaga kitu.”

“Ndiyo, alikanyaga kaa. Hakulihisi. Kama mimi na kile kifuniko.”

“Basi na wewe umerogwa.”

“Na nani, Safari? Zawadi yuko Guildford?”

Alisimama, akakaa tena. Yeye ni mtu mzima, ana watoto wanne, lakini uso ulikuwa wa yule mvulana aliyeinua kitambaa. Akasema, “Kama hakuwa yeye, unataka mimi niishi vipi?” Alitoka bila kunywa chai. Wiki tano hakupokea simu yangu.

Kisha akapiga mwenyewe. Alikuwa anakijua kitu kwa muda, akanificha. Alisema uko hai, uko Baraka, unauza samaki wakavu sokoni, na Neema anaishi kwako na watoto wake wawili. Nilianza kumshukuru Mungu, akanikatiza.

“Yaya, ngoja. Wanasema Neema anaumwa. Amekonda, hashibi maji. Ana kidonda kwenye mguu, hakisikii dawa. Na watu pale wameanza kusema.” Akashusha sauti. “Wanasema alimmaliza baba, sasa anammaliza mtoto.”

Kwa hiyo, Mama Mdogo, hii si barua ya kuomba msamaha peke yake. Ningependa iwe hivyo, lakini hatuna nafasi. Maneno niliyoyasema mimi siku ile yalitoka kambini, yakavuka ziwa, yakakufuata mpaka Baraka, na sasa yanataka kumuua mdogo wangu niliyemwona mara ya mwisho akiwa mgongoni.

Nyinyi mliosimama hapo uani mkisikiliza, nisikieni na mimi. Jina langu ni Riziki. Ni mimi niliyeanzisha habari ya uchawi wa mama huyu. Niliitunga kwa chuki, kisha daktari akanipa ukweli na nikauficha. Baba yangu aliuawa na kisukari na binti yake aliyekataa kumwosha. Ugonjwa huo umo katika damu yetu, mimi ninao, na inawezekana Neema anao. Huyu mama ndiye mtu pekee aliyemtibu baba yangu. Atakayesema tena kwamba aliroga, aniseme mimi.

Mama Aline ana mfuko mweusi mdogo. Ndani kuna mashine ya kupima sukari, vijiti vyake na sindano. Nimemfundisha. Neema anawe mikono kwanza, akaushe, maana tunda au asali kidoleni itadanganya mashine. Achomwe pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, hapo pembeni hapaumi sana. Tone moja linatosha. Mashine itatoa namba. Ikiwa ni kumi na moja au zaidi, mwende hospitali kubwa leo hii. Hata ikiwa chini ya hapo, mwende, kwa sababu ya kidonda. Mwambieni daktari neno hili la kwanza kabla ya mengine yote: baba yake alikuwa na kisukari, na dada yake anacho. Wanaotaka kuomba waombe njiani, mkiwa mnakwenda.

Sikuombi unijibu. Ukitaka kuichana barua hii, uichane, ila baada ya kupima.

Mama Mdogo, usimalize hata kuisikiliza. Mwite Neema aje, akae, anyooshe mkono.

Ni mimi,
mtoto wa mume wako, dada yake Neema,
Riziki