Buibui wa Njano Kwenye Pamba

Kasoli, Machi 1995

Mpenzi Mayige,

Mwangaluka, habari za huko chuoni? Huku mvua zimetutosha. Buibui wako wa njano bado yupo kwenye pamba, na yule mdogo wa kahawia niliyedhani ni aina nyingine, kumbe ndiye dume wake, kama ulivyonieleza.

Mnunuzi mmoja wa pamba, hawa wapya wa binafsi, ameleta posa. Baba akaniuliza, "Huyo Mayige anayesomea buibui, ng'ombe atawatoa wapi?" Nikamwambia nitakungoja.

Jana Baba alibeba bomba akaenda kupulizia dawa, nami nikimfuata na ndoo ya maji. Alipoufikia utando wa buibui wako alisimama, akautazama, kisha akauruka mstari mzima bila kuupulizia.

Jioni akaniuliza unarudi lini.

Wako nisiyehama,
Domitila