Madam Alivyogawa Wanunuzi wa Ndengu Kabati

Jumatatu, 2 Februari
Kutoka Kabati mpaka milima ya Mbooni hakuna kichwa kama changu. Shule niliacha kidato cha pili, kwa kuhurumia walimu. Leo nikibeba magunia ya mama, mnunuzi wa ndengu, kama kawaida, akaja madam wa chuo kikuu. Anachunguza wanunuzi wa ndengu: nani anafanana na nani, nani anashindana na nani. Amenichukua nimtafsirie Kikamba. Ameona mbali.

Jumanne, 3 Februari
Madam anagawa watu. Wenye lori na stoo, kundi. Wenye mizani ya kuning'iniza, kundi. Eti mama na Kalondu, mnunuzi mwenzake, ni kundi moja. Sijaelewa. Hao wanakaa benchi moja, wanaazimana magunia. Wakulima wa upande wa mtoni ni wa mama, wa barabara ya Migwani ni wa Kalondu. Hakuna anayevuka. Ushindani uko wapi? Nikatingisha kichwa kama profesa.

Alhamisi, 5 Februari
Tukila, mama akauliza madam amepata nini. Mimi niseme sijui? Nikamwambia utafiti umeonyesha mwenye lori si shida, adui yake ni Kalondu. Akacheka. "Wewe beba magunia, profesa." Halafu akahesabu pesa zake mara mbili, sahani ya muthokoi ikapoa.

Jumamosi, 7 Februari
Mama ameenda barabara ya Migwani. Amenunua kwa watu wa Kalondu, bei juu. Sikumtuma. Jioni Kalondu akaja kuchukua magunia yake. "Mama Musyoka, si hata ungeniambia." Mama akajifanya anafunga mizani.

Jumatatu, 9 Februari
Kalondu naye amevuka mtoni. Huyu akipandisha bei, yule anapandisha. Mwenye lori amekaa tu, anakunywa chai. Nimeuliza madam: walio kundi moja si lazima wagombane? Akasema kundi ni kufanana. Wengine hugombana, wengine huelewana, na hicho ndicho alikuja kuuliza. Sasa nimkasirikie nani? Kichwa kimejaa moshi.

Jumatano, 11 Februari
Madam amerudi Nairobi. Mama na Kalondu wameishiwa pesa, lori likazoa ndengu zote, kwa bei yake. Kalondu yuko kwa benchi peke yake. Mama amekalia gunia tupu, amempa mgongo.
Hayo makundi bado siyaelewi. Ila neno adui madam hakulisema. Niliongeza mimi, nionekane najua.