Kompyuta Mpya ya Kinyozi

Jumapili, 2 Machi
Mume wangu ameshindwa tena kwenye mchezo wa magari. Mbio zote. Shemeji yuko masomoni ng'ambo, lakini kwenye spika anasikika kama amekaa jikoni kwetu. Anamcheka kaka yake: unaendesha gari au unasukuma mkokoteni? Mume wangu akasema kompyuta imezeeka, ukibonyeza inachelewa kuitika. Basi nunua ya kuchezea hasa, shemeji akasema, zile zinazotoka kiwandani zimeshaunganishwa, uache visingizio. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nilimwona anauficha mkono wa kulia chini ya meza.

Mchezo huu wa magari ndio mazungumzo yao. Kila Jumapili mchana, tangu mdogo wake aondoke.

Jumanne, 4 Machi
Kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimwambia abane karatasi kwa vidole, kisha akaivuta. Ikatoka kama haikushikwa na mtu. Ugonjwa unasonga mbele, akasema, mikono ndiyo itakayotangulia. Hakusema lini. Sikuuliza — niliogopa angejibu.

Tulipotoka nje mume wangu akasema mdogo wake asijue. Akijua ataacha masomo, akasema, aje kunikalia kitandani kama mlinzi. Nikasema sawa.

Saluni ameifunga tangu alipomkata mteja sikio. Kidogo tu. Lakini yeye, kinyozi ambaye watu walikuwa wanasinzia kwenye kiti chake! Mlangoni amebandika karatasi: TUNAKARABATI.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa ni kompyuta asubuhi, kompyuta jioni. Kampuni tatu. Yeye amejinyoosha kwenye kochi, mimi namsomea, maana kidole gumba chake kimegoma kusogeza kioo cha simu. Majina yao yananichanganya, nimewabatiza upya.

Harusi: taa za rangi kila mahali, hadi kwenye feni. Kadi yake ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, ina nguvu kuliko zote, lakini walioinunua wanalalamika kwamba inachemka na kunguruma kama mashine ya kusaga nafaka.

Ya pili niliiita Jeneza, kwa kuwa ni sanduku jeusi, refu. Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka. Sasa inaitwa Kabati. Bei yake ni nafuu, ila vipuri vyote kampuni imevitengeneza kwa umbo lake yenyewe. Kikifa kimoja, hakuna cha dukani kitakachoingia.

Ya tatu ni Bubu. Haisikiki hata kidogo. Imeundwa kwa vipuri vya kawaida, unaweza kubadilisha kimoja kimoja na kuiongezea nguvu baadaye. Kila anayeandika anaisifu kwa hilo. Baadaye, baadaye. Mwishowe nikawa naliruka neno hilo.

Jumamosi, 8 Machi
Alinituma nipeleke kompyuta ya zamani kwa fundi, tujue kama inauzika. Fundi akaiwasha mbele yangu, akafungua mchezo uleule, akaendesha mwenyewe. Gari likapita kwenye kona kama maji.

"Dada, hii haina ubovu wowote. Nani kakwambia inachelewa?"

Mume wangu, nikasema.

"Basi ana usingizi huyo, au mikono yake mizito."

Alikuwa anatania tu, maskini. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniletea maji. Nilipoyanywa nikamwomba anichagulie kati ya zile tatu. Akanishangaa: si nimekwambia hii ni nzima? Nikasema nichagulie tu. Akasema Bubu, itawakaa miaka mingi, lakini hiyo ni ya kuagiza na foleni yake ni ndefu. Harusi ipo dukani hata leo.

Nyumbani nikamwambia mume wangu: fundi kasema hii ya zamani imekwisha. Akashusha pumzi. "Si nilikwambia."

Jumatano, 12 Machi
Nimeunguza shati la mteja kazini. Pasi mkononi, macho kwenye simu, nasoma maoni ya watu nisiowajua kuhusu feni. Najua hakuna kampuni inayouza ninachokitafuta. Lakini nikiacha kulinganisha, nitafanya nini? Msimamizi wa udobi akaniuliza kuna nini nyumbani. Tunachagua kompyuta, nikasema. Akanitazama kama nimerukwa na akili.

Asubuhi vifungo vilimshinda. Nikamfungia. Akasema, huku anaangalia ukuta:

"Tuchukue Bubu. Itadumu."

"Tuchukue Harusi. Ipo."

"Inapiga kelele."

"Napenda kelele."

Akageukia kwangu. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba najua tatizo halikuwa kompyuta.

"Haya," akasema. "Harusi."

Jumapili, 16 Machi
Imekaa mezani, inawakawaka. Shemeji akasema leo huna pa kujificha. Taa ya kijani ikawaka, magari yote yakaondoka. La mume wangu likabaki kwenye mstari. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, hakishuki.

"Kaka, vipi? Umeme umekatika?"

Mume wangu akazima maikrofoni kwa mkono wa kushoto. Hakunitazama.

"Njoo hapa. Mimi nakata kona, wewe kanyaga mafuta."

Mimi, ambaye hata baiskeli sijui. Nikabanana naye kwenye kiti kimoja. Punguza, anasema. Bado. Sasa kanyaga — kanyaga, mke wangu! Tuligonga kila ukuta. Mbio ya kwanza tukawa wa mwisho. Ya tatu tukamshinda. Shemeji alipiga ukelele huko aliko: sasa hiyo ndiyo mashine!

Mume wangu amelala kwenye kochi. Anatabasamu, macho ameyafumba. Mimi bado niko hapa mezani, feni zinanguruma, kidole changu kinauma kwa kubonyeza.

Simu imelia. Ni ujumbe wa shemeji. Anataka jina la kampuni, anasema na yeye ananunua ileile. Kabla sijajibu, ujumbe mwingine:

"Nilikuwa nimeanza kuogopa, shemeji. Nilidhani kosa si la kompyuta, ni mkono wake. Mbona hujibu?"

Ameona kwamba nimeusoma. Anaandika tena, na mimi bado sijajibu.