Mlango Aliouficha Mchoraji

Nyumba Na. 4, Njia ya Kinuni,
Thornsett, Derbyshire,
Uingereza.
9 Novemba 1974

Mpendwa mpwa wangu Rosamund,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. U hali gani, na hicho kifua chako? Baridi ya Winnipeg isikuchezee. Mimi mjomba wako ni mzima kama fahali. Juzi nilibeba peke yangu mlango wa mwaloni ambao mafundi wa mjini waliubeba watu wanne. Haya, watatu, na mmoja ana ngiri.

Mlango huo ndio ulionishikisha kalamu. Ni ule mdogo wa ukumbi wa Jumba la Aldercote, kando ya meko, ambao marehemu bibi yako aliupitia miaka thelathini na mmoja akibeba sahani za wakubwa. Kamati ya jumba imeamua kuurudisha ukumbi kama ulivyo kwenye ile picha ya rangi za maji ya mwaka 1836. Unaikumbuka, hufunikwa kitambaa cha kijani mwanga usiifubaze. Kwenye picha, pale mlangoni pana ukuta mtupu. Basi nikaambiwa, mimi seremala, ning'oe mlango nizibe kwa mbao.

Nikasema sizibi. Mwenyekiti, Bi. Fanshawe, akanitazama juu ya miwani. "Clem, mchoraji alikuwepo. Wewe hukuwepo."

"Mama yangu alikuwepo. Na supu mkononi."

"Mwaka 1836?" Wakacheka wote, hata kasisi.

Jumatatu wakaleta hao mafundi, wakaung'oa. Mbao zipigiliwe Ijumaa. Nikaapa hazitapigiliwa nikiwa hai.

Rosamund, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu akalia. (Kwa furaha, anasema mama yako.) Lakini macho ninayo. Jumatano nikafunua kitambaa, nikaikodolea macho ile picha mpaka chai ikapoa. Mchoraji kajaza ukumbi mashujaa wa kale waliovaa chuma, ambao hawakukanyaga hapo hata siku moja. Mwongo mwenzangu, nikamtambua mara moja! Ila mawe ya sakafu kayachora moja moja kwa haki, na juu yake kuna njia iliyolika kwa nyayo, inatoka meza kuu, inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta mtupu.

Nikamwita Bi. Fanshawe, nikamwonyesha kwa kidole. "Hebu niambie, watumishi walikuwa wakienda kugonga vichwa hapa?"

Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, "Clem, karudishe mlango wako."

Nimeurudisha kwa bawaba zake zilezile. Halafu nikapita kwenda jikoni na kurudi, mara ishirini, sina shughuli yoyote. Haya, mara nne, goti linauma. Pale kizingitini jiwe limebonyea, mguu unaingia wenyewe, kama umevaa kiatu cha mama.

Nisalimie mumeo Edgar na mapacha. Mke wangu Winifred anakubusu. Mungu akulinde, na kila mlango utakaougonga huko ufunguliwe.

Mimi mjomba wako, nikupendaye bila kutia chumvi,
Clem Bagshaw