Kinini za Mnovisi Kahindo

Kahindo, mwanangu wa unovisi,

Habari ya kifo chako ilinifikia baada ya mazishi. Wenzako wa Kisangani waliandika kwamba homa ilikushika ghafula, kwamba ulipata sakramenti, na kwamba wagonjwa wa zahanati yako walikusindikiza kwa miguu hadi makaburini. Sikuwapo, sikusema neno. Lakini wale waliokuzika walikujua ukiwa mtu mzima tu, nami ndimi niliyekufungulia mlango hapa Goma. Kwa hiyo ni haki niyaandike mambo ya mwanzo jinsi yalivyokuwa. Maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyatamka, bila kuyanyoosha.

Ulikuja kutoka Masisi miaka ile ya Zaïre, msichana mrefu mwenye sauti ndogo. Mama yako alikuwa amefariki zamani. Ulilelewa na baba yako, mfugaji wa ng'ombe. Mimi nilikuwa mlezi wa wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa watawa, na kitu cha kwanza nilichokiona kwako kilikuwa mikono. Katika parokia yetu watu walikuwa wamezoea kuinua mikono juu padri anaposali, kanisa zima, wazee kwa watoto. Wewe uliiacha chini, viwiko vimebana mbavu. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja asiyejua kunong'ona, aliyetuita sisi masista "masœur" kama watu wote wa Goma, alikuuliza mbele ya wenzako:

"Weye, masœur mudogo, unaogopa Mungu ataona kwapa yako?"

Wote walicheka. Wewe ulitabasamu kidogo, na mikono haikupanda.

Kisha ikaja asubuhi ya Kituku. Tulikwenda sokoni ufukweni kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nawe ukatwishwa beseni kichwani. Kila msichana wa Goma hushika beseni kwa mkono mmoja anapopanda kutoka ziwani. Wewe ulitembea mikono ikining'inia kama ya askari, ukateleza juu ya jiwe, na samaki wote wakamwagika. Wanawake wa pale walikupokea kwa vicheko. "Mukono yako haina mufupa?" mmoja akauliza. "Masœur, huyu mulimutoa wapi? Mumurudishe, mupewe mwingine!" Ulipiga magoti ukaokota sambaza mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipoona kwamba blauzi yako imelowa kwapani, na si kwa jasho.

Nyumbani nilikupeleka katika chumba cha kupigia pasi, nikafunga mlango, nikakuambia uvue blauzi. Nilikwisha kuhudumia wagonjwa wengi kabla yako, kwa hiyo sikushtuka. Chini ya ngozi mlikuwa na vinundu vigumu kama punje za maharage. Vingine vilikuwa vimeiva, vingine vimepasuka, na kati yake makovu yalikuwa yamejikunja kama kamba. Uliniambia kwamba kinenani pia vilikuwapo. Nilikuuliza kwa nini hukusema.

"Mungenirudisha nyumbani," ukajibu.

Hukukosea. Sheria yetu ilidai kwamba anayeweka nadhiri awe na afya ya kutosha kwa kazi, na mtu asiyeweza kuinua mkono hawezi kufua, kulima wala kubeba mgonjwa. Nadhiri zako zilikuwa mwaka uliofuata. Tulikuwa na muda huo tu.

Tulijaribu kila kitu kilichojulikana. Maji ya moto na sabuni ya dawa. Sindano za penisilini. Majani ambayo mpishi wetu, Mama Sifa wa Murara, aliyaponda na kuyafunga katika kitambaa. Mara mbili muuguzi alikupasua, na mara mbili vinundu vilirudi pembeni mwa kidonda kabla uzi haujatolewa. Watu walisema ni uchafu. Wewe ulikuwa ukioga kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile.

Mwishoni tulimwona daktari mpya wa hospitali, mwanamke kijana aliyesomea Kinshasa. Hakuanza na kisu. Alikuuliza, "Inazidi wakati gani?" Ukamjibu kwa kuona haya kwamba ilizidi kila mwezi, siku chache kabla ya damu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilingojea jibu hilo. Alitueleza kwamba si uchafu, hauambukizi, wala haukutokana na dhambi ya mtu. Ni ugonjwa wa mashina ya nywele yanayoziba, na kwa baadhi ya wanawake huchochewa na homoni za mwili wenyewe. Basi angekupa homoni za kutuliza homoni. Alipoweka pakiti juu ya meza niliitambua. Zilikuwa kinini, kama Goma tunavyoita vidonge, za kuzuia mimba.

"Daktari," nikasema, "unaona tulivyovaa."

"Minaona, masœur. Lakini kwapa haijui kama ni ya mutawa."

Nilikwenda kwa padri muungamishi wetu, mzee aliyejulikana kwa ukali, nikamweleza jambo lote. Alisikiliza akifunga vifungo vya kanzu. "Anaumwa?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Dawa ni ya ule ugonjwa?" Ndiyo. "Sasa mlikuwa mnaniuliza nini?" Akaenda zake kuadhimisha Misa.

Mwezi wa kwanza ulitapika, ukalalamika kuumwa kichwa. Mwezi wa pili hatukuona tofauti yoyote, na mama mkuu aliniuliza kama tulikuwa tunapoteza wakati. Baada ya hapo vinundu vilianza kuchelewa. Vilivyokuja vilikuwa vidogo, na baadhi vilinywea vyenyewe bila kupasuka. Havikwisha, sitasema uongo, hata kwa marehemu. Lakini ulifua mashuka, ukaanika juu ya kamba, na siku ile nilisimama dirishani nikahesabu kwamba mikono yako sasa inatosha kwa kazi.

Ndipo Mama Sifa alipoingia katika chumba cha dawa kutafuta dawa ya kichwa, akaiona pakiti kabatini.

"Masœur! Iyi kinini minaijua! Bamama ya kwetu Murara banaikunywaka juu basipate mimba. Sasa ni nani humu ndani anaogopa mimba? Ataipewa na nani, na ile sanamu ya Yosefu?"

Nilimwambia ni dawa yako ya ngozi.

"Ndiyo, masœur. Ngozi," akasema, na mabega yake yalikuwa yakitikisika alipotoka.

Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia dada yake tu, na dada yake aliuza viazi sokoni, na viazi vilitoka Masisi kwa malori. Habari ilipanda milima kabla sijashika kalamu kumwandikia baba yako.

Alishuka yeye mwenyewe wiki iliyofuata. Alikaa katika chumba cha wageni, kofia juu ya goti, fimbo katikati ya miguu. Hakuleta jibini wala maziwa, na mtu wa Masisi anayekuja mikono mitupu amekuja kugombana.

"Masœur, mulisema munamupeleka mutoto wangu kwa Mungu," alianza. "Sasa ku marché ya viazi batu bananiuliza kama anakunywa kinini ya mimba ndani ya nyumba yenu. Nibajibu nini?"

"Wajibu kwamba ni dawa ya majipu, Papa Kahindo."

"Majipu! Mimi nimepasua majipu ya ng'ombe na ya batu tangu niko kijana. Jipu inataka kisu na samli. Haitaki kinini ya bamama ya mji." Alisimama. "Arudi nyumbani. Wachumba si shida. Na kama atabaki, siku ya nadhiri mutafute mutu mwingine wa kumutoa. Mimi sitakuja."

Unajua uzito wa neno lile, lakini nitaliandika kwa ajili ya wengine watakaosoma. Katika nyumba yetu mzazi humshika binti yake mkono, humleta mbele ya altare, na padri humwuliza kwa sauti kama anamtoa. Mzazi asipojibu, hakuna nadhiri. Mama yako hakuwapo. Bila kinini usingefaa kwa kazi. Kwa sababu ya kinini baba yako asingekutoa. Sikuona njia ya tatu, na nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri jinsi ya kukufungia mizigo.

Wewe, uliyekuwa umesimama mlangoni, uliniomba ruhusa ya kuvua koti. Kisha ulifungua vifungo vya blauzi, ukaushusha mkono mmoja wa nguo, ukainua kwapa mbele ya baba yako. Katika kabila lako binti aliyekomaa hafanyi hivyo. Mzee aligeuka akatazama ukuta.

"Papa, angalia."

"Funika, mutoto. Mimi baba yako."

"Angalia kama vile unaangaliaka ng'ombe."

Ilichukua muda. Alipogeuka alikaribia, akainama, akaweka kofia chini. Hakukugusa. Macho yake yalikwenda kovu kwa kovu, polepole.

"Ilianza lini?"

"Niko na miaka kumi na ine."

"Na haukusema?"

"Ningemwambia nani, Papa? Mama alishakufa."

Mzee akanyoosha kidole bila kugusa. "Hapa, nani alikata?"

"Ku hospitali."

"Ule mutu hajui kukata." Akaokota kofia yake. "Na iyi kinini, inasaidia?"

"Inasaidia."

Alinisalimu mimi kwa kichwa, akatoka, akaelekea barabara ya Masisi. Hatukujua kama atarudi. Uliendelea kumeza dawa yako na kufanya mafungo ya nadhiri, na hukuniuliza kitu, nami sikukupa tumaini ambalo sikuwa nalo.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Wazazi wa wenzako walikaa mbele, kina baba wamevaa abakosti, zile suti za Zaïre zisizo na tai, kina mama kanga mpya. Nafasi ya baba yako ilikuwa wazi hadi mwisho wa wimbo wa kuingia. Aliingia na vumbi la lori mabegani, akakaa pale bila kuomba radhi mtu.

Ilipofika zamu yako alikushika mkono, akakuleta. Padri aliuliza: "Nani anamtoa binti huyu kwa Mungu?" Jibu lilikuwa fupi, na wazazi wote walikuwa wamefundishwa. Baba yako hakuhudhuria mafundisho. Alisafisha koo.

"Mimi baba yake. Ninamutoa." Padri alikuwa tayari anageuza ukurasa. "Ngojea, Padiri. Ninamutoa na kinini yake. Asinyimwe."

Padri, yule yule muungamishi wetu mkali, alimtazama mzee, akakutazama wewe.

"Tumesikia, muzee. Tunampokea na kinini yake."

Mama Sifa ndiye aliyeanza vigelegele, akiwa ameketi nyuma kabisa, na kanisa zima likamfuata.

Baadaye wakubwa walibadilika. Mmoja, mgeni kwetu, aliniuliza kwa nini dawa ya namna ile inaingia katika nyumba ya watawa. Nilimjibu kwamba ulipokelewa nayo altareni, na hakuuliza tena. Maduka ya Goma yalipokosa kinini zako, nilivuka mpaka hadi Gisenyi, na mtu wa forodha akaniuliza ni za nani. Nikamwambia, "Za nyumba yetu." Ulipotumwa Kisangani nilimwandikia mkuu wako neno la baba yako, asinyimwe, kabla ya kumwandikia jingine lolote, na ulipata dawa yako hadi daktari mwenyewe alipokuambia inatosha.

Sikulia niliposoma barua ya kifo chako. Nilisali masifu ya jioni pamoja na wengine, kisha nikabaki nimekaa kanisani baada ya wao kutoka, jambo ambalo si desturi yangu. Nilikuwa natafuta kama kuna kitu tulichokuahidi ambacho hatukukutimizia. Huenda vipo. Lile moja, la mbele ya watu wote, tulilitimiza.

Baba yako alikutangulia miaka mingi. Nasadiki ufufuko wa wafu, kwa hiyo naandika bila kusita: ukionana naye, mwambie hatukukunyima.

Lala kwa amani, Kahindo.

Mlezi wako wa unovisi,
Goma