Shangazi Anaenziwa

Jumatatu, 4 Agosti

Shangazi ataenziwa! Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi amekuja mwenyewe mazoezini, suti imenyooka, mpiga picha nyuma yake. Eti huyu ni gwiji, lazima apewe maua yake angali hai. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga. Akauliza swali moja tu: nitacheza?

"Bila shaka, Mama yetu! Siku ni yako."

Basi tutacheza ile komedi yetu ya wake wenza. Yeye mke mkubwa, mimi mke mdogo. Mke mdogo mwenye miaka hamsini na kitu — jukwaani hakuna anayeuliza.

Nimefurahi mpaka nimemwaga chai. Mtu ameigiza tangu sijazaliwa, ameshangiliwa, amezomewa, amepanda jukwaani na homa, hajawahi kupewa hata leso. Sasa wamekumbuka. Afadhali.

Jumatano, 6 Agosti

Leo tulikuwa na onyesho dogo la shule. Kama kawaida, kabla ya kuingia tukajibana kwenye stoo ya vifaa, mikono imeshikana, Shangazi akaomba. Dua yake ni ileile miaka yote: "Mungu, tuangalie. Na hawa waliokuja, wafanye nao watuangalie. Amina." Kisha anampiga kila mtu kofi la mgongoni na tunatoka mbio.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Kumbe anatutazama! Macho yamemlowa. Akasema hicho ndicho kitu kilichokosekana kwenye Siku ya Heshima: sala. Lakini si stooni, jukwaani. Na si hiyo — fupi mno, haina hadhi, haimtaji hata mgeni rasmi.

Shangazi akamwuliza, kwani Mungu hamjui mgeni rasmi? Mwenyekiti akacheka sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao cha kamati. Mimi nimealikwa kama "familia". Ajenda ya kwanza: nani ataomba. Hatukufika ya pili.

Wamealikwa shekhe na mchungaji. Sawa. Nani atangulie? Hapo ndipo watu walipovuana nguo. Mjumbe mmoja alipiga meza mpaka maji yakaruka. Mwingine alitishia kujiuzulu, akakaa, akatishia tena. Na wenyewe wenye dini walikuwa pale pembeni wanachangia kijisahani kimoja cha biskuti! Shekhe alisema mchungaji atangulie, yeye hana neno. Mchungaji akasema hapana, shekhe ni mkubwa wangu. Hakuna aliyewasikiliza. Wajumbe walikuwa wanapigania dini.

Mwisho wameamua: ataanza mmoja, atafuata mwingine, kisha wa kwanza atarudi afunge, ili asionekane ametangulia tu. Na Mwenyekiti mwenyewe ataweka "neno la kiroho" katikati.

Nikauliza, na onyesho? Wakaniangalia kama niliyekohoa msibani.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi ya sala. Naandika tena nisije nikadhani niliota: MAZOEZI ya SALA.

Mwongozaji wetu, ambaye komedi yetu hajaigusa wiki nzima, leo alikuwa na nguvu zote. "Mchungaji, kwenye 'tunakuomba' ongeza uchungu. Shekhe, ukiinua mikono simama kwenye alama, taa isikukose." Fundi sauti akataka "amina" ya majaribio. Tukasema amina. Hafifu, akasema, rudieni. Tukasema amina mpaka koo zikakauka, na hakuna aliyekuwa ameomba kitu.

Shekhe akauliza kwa upole kabisa: "Samahani, hapa tunamwomba Mungu au kamera?"

Mwenyekiti akamjibu bila kupepesa: "Vyote, Shekhe. Ndiyo maana ya maandalizi."

Mchungaji akageuka ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sidhani alikuwa analia.

Jumanne, 12 Agosti

Ratiba imetoka. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sala. Salamu. Neno la kiroho. Hotuba. Sala. Wasifu wa gwiji. Hotuba ya mgeni rasmi. Tuzo. Picha. Chini kabisa, kwa herufi za kupimia macho: "Burudani (muda ukiruhusu)."

Burudani ndiyo sisi.

Nikamfuata Mwenyekiti ofisini. Amenikaribisha kwa mikono miwili. Kwanza akanisomea wasifu. "Alikuwa mwigizaji shupavu. Alipenda watu." Nikamwambia, Mwenyekiti, yuko hai, asubuhi kanigombeza. Akasema hiyo ni lugha ya heshima. Kisha: Mama yetu hatacheza. Atakaa kwenye kiti kikubwa cha dhahabu, kimeazimwa kwa wapambaji wa harusi. Mtu anayeenziwa hatoki jasho mbele ya mgeni rasmi. "Na wewe mweleweshe. Wewe anakusikia."

Akanifungulia mlango. Pale kizingitini, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaniambia ndugu yake anatafuta mama mkwe wa tamthilia ya televisheni. Msimu mzima. Ametaja jina langu.

Televisheni! Mimi!

Jioni nimemweleza Shangazi. Nimepamba, nimezunguka, nimesema kiti ni kizuri. Aliniacha nimalize.

"Wewe mtoto, mimi nikikalishwa siinuki."

Akaingia chumbani.

Alhamisi, 14 Agosti

Haniongeleshi. Chai ananimiminia, sukari hatii.

Mchana nimepita mlangoni kwake. Anapitia maneno. Ya mke mkubwa, na akifika kwangu ananyamaza, ananisubiri, kisha anaendelea. Nikasimama pale na kikapu cha nguo. Midomo yangu ilikuwa inajibu yenyewe, bila sauti.

Sikubisha hodi. Mwenyekiti amenitumia ujumbe: umemwelewesha? Nimejibu ndiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nyuma ya ratiba, pembeni ya pazia. Kalamu ya nyusi. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Ukumbi umejaa. Shangazi yuko kwenye kiti cha dhahabu, amevishwa skafu yenye jina lake, miguu haifiki chini. Mimi nimevaa nguo za mke mdogo — sijui kwa nini nimezivaa. Mwenyekiti kaniona, kakunja uso, kapita.

Mchungaji ameomba vizuri, kwa ufupi, akakaa. Shekhe naye hivyo hivyo. Wote wawili wamemtaja Shangazi kwa jina, wakamwombea afya. Watu wakasema amina ya kweli, isiyofanyiwa mazoezi.

Sasa ni neno la kiroho la Mwenyekiti. Ametuambia tufumbe macho. Amemshukuru Mungu kwa mgeni rasmi. Kwa mke wa mgeni rasmi. Kwa kamati, mjumbe mmoja mmoja. Kwa rangi mpya ya ukumbi. Mtu mbele anakoroma.

Kiti kiko wazi!

Ameshuka. Ameivua skafu, amejifunga kiunoni. Yuko katikati ya jukwaa, kwenye taa ya shekhe. Anafagia ufagio usiokuwepo. Na anasema, kwa sauti ile inayofika mlangoni bila kipaza sauti: "Nyumba ina wanawake wawili, ufagio una mmoja!"

Kicheko. Watoto kwanza. Macho yanafumbuka safu kwa safu. Mwenyekiti bado anashukuru — sasa amenyamaza. Mgeni rasmi ameziba mdomo, sijui ni hasira au nini. Mchungaji anacheka waziwazi. Shekhe amevuta kiti mbele.

"Mke mwenzangu! Umelala mpaka saa hizi?"

Hapo ndipo ninapoingia.

Mwenyekiti amekuja pembeni, amenishika mkono. Ananong'ona: ukitoka hapa, sahau televisheni. Tabasamu lake halijaondoka, kamera iko karibu.

Shangazi hatazami huku. Anafagia. Ukumbi umetulia, wanadhani kimya hiki kimo kwenye mchezo.

Amerudia. "Mke mwenzangu!" Ya pili ina mkwaruzo. Akiita ya tatu bure watajua.

Mkono wangu bado umeshikwa. Wa kushoto. Wa kulia ndio huu unaoandika, na Shangazi anavuta pumzi ya tatu — nauchomoa mkono, kalamu naiacha hapa, naingia!